Pierre Curie na Mwelekeo Uliofichika Jiweni

Kwa msemaji wa Kiswahili sanifu, kware ni ndege wa nyikani. Kwa mafundi wa mawe nchini Kenya, aghalabu kware ni timbo, yaani mahali panapopasuliwa mawe ya kujengea. Ndiyo maana jina la Kware linapotajwa pande za Kitengela na Kajiado, wengi hukumbuka nyundo, patasi, vumbi na malori ya kokoto. Chini ya nyanda zinazoanzia Kitengela na kuenea hadi Athi na Kapiti mna matandiko ya mawe ya volkeno, na miongoni mwayo yamo yaliyomwagika yakiwa lava yapata miaka milioni 13 iliyopita. Mpasua mawe huliona jiwe kuwa zito, gumu na bubu. Hata hivyo, jiwe la volkeno lina siri. Ndani yake mna chembe ndogo mno za madini ya chuma, na chembe hizo zina usumaku hafifu unaoelekea upande maalumu. Lava ilipokuwa ikipoa, ulifika wakati ambapo usumaku huo ulifungika ukielekea kule ulikoelekea uga wa sumaku wa dunia siku ile. Tangu hapo jiwe limehifadhi mwelekeo huo, ingawa hakuna jicho linaloweza kuuona.

Kipimo cha joto ambacho juu yake madini hupoteza usumaku wa namna hiyo, na chini yake huupata, huitwa na wanasayansi halijoto ya Curie. Wasomi wengi wakilisikia jina hilo humkumbuka Marie Curie na radiamu. Lakini jina hilo lilitokana na mumewe, Pierre, na kazi aliyoifanya kabla radiamu haijajulikana duniani. Maisha ya mtu huyo yana funzo kubwa, kwani kilichompa sifa ndicho kilichomwondoa katika kazi aliyoianza mwenyewe, naye hakujaliwa kuirudia.

Pierre Curie alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859. Babake, Eugène Curie, alikuwa daktari aliyependa elimu ya viumbe na aliyewatibu watu wa hali ya chini. Mamake aliitwa Sophie-Claire Depouilly. Pierre alikuwa na kaka mmoja tu, Jacques, aliyemzidi umri kwa miaka michache. Tangu utotoni ilidhihirika kwamba Pierre hakuwa kama watoto wengine. Hakuweza kurukaruka kutoka somo moja hadi jingine kama ratiba za shule zinavyotaka. Jambo likimshika, lilimshika lote. Likimponyoka, hakuweza kulilazimisha lirudi. Kwa macho ya walimu wa zama zile, mtoto wa aina hiyo angehesabiwa kuwa mzito wa akili.

Wazazi wake walilitambua jambo hilo mapema na wakachukua uamuzi usio wa kawaida. Hawakumpeleka shule. Alifundishwa nyumbani na mamake, kisha na babake na kakake, na aliachwa azurure mashambani akikusanya mimea na wadudu. Alipotimu umri wa miaka 14 alikabidhiwa kwa mwalimu wa hisabati aliyeitwa Albert Bazille. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Akili iliyodhaniwa kuwa nzito ilionekana kuwa na kina, hasa katika kuwaza juu ya maumbo na nafasi. Akiwa na miaka 16 alipata cheti cha kumwingiza chuo kikuu, na akiwa na miaka 18 alihitimu shahada yake ya sayansi. Waama, mwenda pole hajikwai.

Fedha hazikutosha kumwezesha kuendelea moja kwa moja na masomo ya juu. Mwaka 1878 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika chuo kikuu cha Sorbonne. Huko alifanya utafiti pamoja na Jacques, na ndugu hao wawili walivutiwa na fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo chembe zake zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Mwaka 1880 waligundua kwamba fuwele za baadhi ya madini, ikiwemo kwatsi, zikibanwa upande fulani hutoa umeme. Zikibanwa upande mwingine, huenda zisitoe chochote. Mwaka uliofuata walithibitisha kwamba kinyume chake pia ni kweli: fuwele ikitiwa umeme, hujinyoosha au kujikunyata kwa kiasi kidogo mno. Kipande cha kwatsi kinachohesabu sekunde ndani ya saa ya mkononi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Katika ugunduzi huo wa ujana ndimo lilimokuwa swali lililomtawala Pierre kwa miaka mingi. Kwa nini kitu kimoja kiwe na tabia tofauti kinapoguswa pande tofauti? Mpira ukigeuzwa vyovyote utakavyo hubaki ulivyo. Mkuki ukigeuzwa, ncha huja mahali pa mpini. Fuwele ziko baina ya viwili hivyo: zina ulinganifu wa namna yake, lakini ulinganifu huo una mipaka. Pierre alianza kushuku kwamba siri ya matukio ya maumbile imo katika ile mipaka, pale ulinganifu unapokosekana.

Mwaka 1882 aliteuliwa kusimamia kazi za maabara katika shule mpya ya fizikia na kemia ya viwandani iliyoanzishwa na jiji la Paris. Kwa muda mrefu mshahara wake ulikuwa kiasi cha faranga 300 kwa mwezi, ujira uliokaribia ule wa fundi wa kiwandani. Hakuwa na maabara yake mwenyewe. Alitumia vyumba na njia za kupitia ambazo hazikuwa na mtu, baada ya kuwahudumia wanafunzi. Jacques naye alihamia Montpellier mwaka 1883, na ushirikiano wa ndugu hao ukakatika. Pierre alibaki peke yake. Hakuandika tasnifu ya udaktari, hakuomba vyeo, wala hakubisha milango ya wakubwa. Wenzake waliompita kwa vyeo hawakuwa wote wamempita kwa fikra, lakini yeye hakulalamika.

Matunda ya ukimya huo yalionekana mwaka 1894, alipochapisha makala kuhusu ulinganifu katika matukio ya fizikia. Humo alieleza kwamba ulinganifu wa sababu sharti uonekane katika matokeo, na kwamba kasoro ya ulinganifu inayoonekana katika matokeo sharti iwe ilikuwamo tayari katika sababu. Kwa lugha nyepesi, tukio haliwezi kuelekea kulia zaidi ya kushoto bila ya kuwapo jambo lililolipendelea upande wa kulia. Aidha alibainisha tofauti iliyojificha baina ya umeme na sumaku. Uga wa umeme una ulinganifu kama wa mkuki, ambao una mbele na nyuma. Uga wa sumaku una ulinganifu kama wa pipa linalozunguka: haulengi upande kama mkuki ulengavyo, bali una mzunguko. Kutokana na hoja hiyo inawezekana kubashiri ni matukio gani yanaweza kutokea na yepi hayawezi, hata kabla ya kuwasha taa ya maabara.

Wakati huohuo Pierre alikuwa akiupima usumaku wenyewe. Alitengeneza mizani yenye wepesi wa ajabu, kisha akavitia vitu mbalimbali ndani ya tanuri na kuvipasha joto hadi nyuzi elfu moja za Selsiasi na zaidi. Alitaka kujua iwapo aina za usumaku zilizojulikana zilikuwa kitu kimoja chenye sura nyingi au vitu tofauti. Matokeo yake yalikuwa bayana. Kuna vitu vinavyosukumwa kidogo na sumaku, na tabia yao kwa jumla haibadiliki kwa joto. Kuna vingine, kama hewa ya oksijeni, vinavyovutwa kwa udhaifu, na uvutwaji huo hupungua kwa kadiri maalumu joto linavyopanda. Kisha kuna chuma na jamaa zake, ambavyo huvutwa kwa nguvu nyingi hadi joto linapofikia kikomo fulani, na hapo nguvu hizo hutoweka. Kwa chuma, kikomo hicho ni nyuzi 770 hivi. Kwa magnetiti, madini ya chuma yaliyomo katika mawe mengi ya volkeno, ni takriban nyuzi 580.

Elimu ya leo hulieleza jambo hilo kwa kuzitazama atomu. Kila atomu ya chuma ni kama sumaku ndogo. Joto likiwa la wastani, sumaku hizo hupangana zikielekea upande mmoja, mithili ya kundi la ng'ombe wa Kajiado linaloelekea kisimani wakati wa kiangazi. Joto likizidi, hutikisika na kutawanyika kila upande, kama kundi lililoshtushwa na simba. Joto likishuka tena, hupata fursa ya kujipanga upya. Pierre hakuwa na picha hiyo ya atomu, lakini vipimo vyake ndivyo vilivyowawezesha waliomfuata kuichora.

Mnamo majira ya kuchipua ya mwaka 1894, usumaku ulimletea jambo ambalo hakulitarajia. Binti wa Kipolandi aliyekuwa akisoma Sorbonne, Maria Skłodowska, alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza tabia za kisumaku za aina mbalimbali za chuma cha pua, na alihitaji mahali pa kufanyia kazi. Mwanafizikia mmoja wa Kipolandi aliwakutanisha. Pierre alikuwa na miaka 35 hivi na alikwisha kuamua kwamba mapenzi na utafiti havipatani. Uamuzi huo haukudumu. Isitoshe, Maria, ambaye sasa anajulikana kwa jina la Marie, alimsihi aziandike kazi zake za usumaku ziwe tasnifu. Mwezi Machi 1895 Pierre alitunukiwa udaktari kwa kazi ambayo wengi wangeitolea tasnifu mbili au tatu. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo walifunga ndoa mjini Sceaux bila mbwembwe, kisha wakaenda fungate wakiwa juu ya baiskeli.

Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897. Marie alichagua kuchunguza miali iliyogunduliwa na Henri Becquerel katika madini ya urani. Ili kuipima, alitumia chombo kilichotegemea kipande cha kwatsi, matokeo ya ule ugunduzi wa Pierre na Jacques wa miaka mingi nyuma. Vipimo vilipoonyesha kwamba ndani ya madini hayo mlikuwamo kitu kisichojulikana chenye miali mikali zaidi, Pierre alifanya uamuzi uliogeuza maisha yake. Aliziweka kando kazi zake za fuwele ili amsaidie mkewe. Alidhani ni kwa muda mfupi.

Mwaka 1898 walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Kazi ya kuitenga radiamu ilifanyika katika banda lililovuja, ambalo zamani lilitumiwa na wanafunzi wa udaktari kupasulia maiti. Wakati wa kiangazi lilikuwa tanuri, wakati wa baridi lilikuwa barafu. Walichemsha na kuchuja madini kwa tani hadi mwaka 1902, Marie alipopata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Pierre aliweka kipande cha kitu hicho juu ya mkono wake mwenyewe ili kuona kingefanya nini, na kiliunguza ngozi yake. Hawakujua ukubwa wa hatari hiyo. Maumivu ya miguu na mgongo yalianza kumwandama, usiku hakulala vyema, na mikono yake ikawa na makovu.

Dunia ilikuwa na pupa ya kumpa heshima alizokuwa hazitaki, na uzito wa kumpa kitu alichokihitaji. Mwaka 1902 alishawishiwa kugombea kiti katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Ilimlazimu kuwazungukia wajumbe nyumbani kwao akijinadi, kazi aliyoichukia, na mwishowe hakuchaguliwa. Alipopendekezwa kupewa nishani kubwa ya taifa, aliikataa na kueleza kwamba alichohitaji ni maabara. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hicho kiliendelea kufanyia kazi bandani.

Jaribio kubwa zaidi la utu wake lilikuja mwaka 1903. Pendekezo la Tuzo ya Nobel ya fizikia lililotoka Ufaransa liliwataja Becquerel na Pierre peke yao. Marie, ambaye ndiye aliyeianza kazi yenyewe, hakutajwa. Rafiki mmoja wa Sweden alimdokezea Pierre jambo hilo. Mtu aliyekuwa hajawahi kujipigania sasa alishika kalamu, akaeleza kwamba tuzo hiyo isingekuwa ya haki bila ya mkewe. Jina la Marie liliingizwa, naye akawa mwanamke wa kwanza duniani kutunukiwa Nobel. Lau Pierre angenyamaza, historia ingeandikwa kwa njia nyingine, na huenda leo watu wangemtaja Marie kuwa msaidizi wa mumewe tu.

Sifa zilileta waandishi wa habari, wageni na barua zisizo na idadi, na wakati wa kuwaza ukapungua. Mwaka 1904 alipewa uprofesa Sorbonne, na mwishoni mwa mwaka huo alizaliwa binti wa pili, Ève. Mwaka 1905 Chuo cha Sayansi kilimchagua hatimaye. Alikuwa na nia ya kurudi kwenye fuwele na ulinganifu, kazi aliyoiacha njiani miaka saba nyuma. Nia hiyo haikutimia. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, alipokuwa akivuka barabara ya Dauphine jijini Paris, aliteleza mbele ya mkokoteni mzito uliovutwa na farasi, na gurudumu lake likamponda kichwa. Alifariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 46. Maabara aliyoiomba maisha yake yote ilikuwa bado haijajengwa. Marie alipewa nafasi yake ya kufundisha, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne, na mwaka 1911 alipata Nobel ya pili.

Kazi aliyoiacha Pierre haikuzikwa naye. Mfaransa mwingine, Pierre Weiss, alichunguza fuwele za madini ya kisumaku na kuonyesha kwamba usumaku wake hutegemea upande: kuna pande ambazo fuwele husumakika kwa urahisi, na pande ambazo hukataa. Mwaka 1907 alitoa nadharia iliyoeleza kwa nini usumaku hutoweka katika halijoto ya Curie. Nao mwaka uleule wa 1906 uliomchukua Pierre, Bernard Brunhes alichapisha utafiti kuhusu mwelekeo wa usumaku katika mawe ya volkeno ya Ufaransa. Aligundua mahali ambapo usumaku wa jiwe ulielekea kinyume na uga wa leo, jambo lililodokeza kwamba zamani kaskazini na kusini za sumaku ya dunia zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Hapo ndipo habari za Paris zinaporejea Kajiado. Huko Olorgesailie, kando ya njia iendayo Magadi, panapojulikana kwa mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, wanasayansi wamepima mwelekeo wa usumaku katika matabaka ya udongo na majivu ya volkeno. Wamekuta humo alama ya kugeuka kwa uga wa dunia kulikotokea yapata miaka 780,000 iliyopita, na alama hiyo imesaidia kuweka tarehe katika historia ya mwanadamu. Majivu hayo yalipomwagika, hakuna aliyekuwapo wa kuandika. Chembe za chuma ndizo zilizoandika.

Mwaka 1995 mabaki ya Pierre na Marie yalihamishiwa Panthéon, hekalu la mashujaa wa Ufaransa. Mwaka huohuo, katika chuo kikuu cha Paris kilichokuwa na majina yao, Michel Verdaguer na wenzake walitangaza sumaku iliyoundwa kwa molekuli, kwa kuziunganisha atomu za vanadi na kromi kupitia vifungo vya kaboni na nitrojeni. Sumaku hiyo ni jamaa ya rangi ya buluu ya Prussia, iliyotumiwa na wachoraji tangu karne ya 18. Sumaku nyingi za molekuli huhitaji baridi kali mno, ilhali hii hudumu hadi nyuzi 42 hivi, joto ambalo bati la paa la Kitengela huweza kulipita wakati wa adhuhuri. Sumaku za aina hii huundwa ndani ya kimiminika bila tanuri kali, na baadhi yazo hubadilika zikimulikwa na mwanga.

Watafiti huzitandaza sumaku za molekuli ziwe utando mwembamba kuliko unywele, na hapo swali la ujana wa Pierre hurejea upya. Utando si sawa pande zote: una urefu na upana, lakini takriban hauna kimo. Kwa sababu hiyo usumaku wake kwa kawaida hulala kwa urahisi ukiambaa na uso wa utando, na hupinga kusimamishwa wima. Tena jinsi molekuli zilivyopangika, na jinsi utando unavyovutwa na kitu kilichoubeba, huweza kuongeza au kugeuza upendeleo huo. Anayetaka kuhifadhi habari kwa sumaku sharti aujue upendeleo huo, kwa kuwa sumaku isiyopendelea upande wowote haiwezi kukumbuka chochote. Hiyo ndiyo kanuni ya mwaka 1894: pasipo na kasoro ya ulinganifu, hapana tukio.

Pierre Curie aliishi akidhani kwamba amekiacha kiporo, na kwa hakika alikiacha. Lakini kila jiwe la volkeno linalopasuliwa pale Kware huanguka likiwa na mwelekeo wake ndani, ingawa aliyelipasua halioni ila pande za kuchonga. Nao mtoto aliyeonekana mzito kwa kuwa hakuweza kuelekea pande zote kwa wakati mmoja alifaulu kwa sababu walimlea watu walioona kwamba anao upande wake.